Maswali yenu kuhusu sanaa ya Bengali: udongo, sari kuukuu na rangi za jikoni

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kwamba sanaa ya Bengali ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa ni kazi ya watu waliokosa mawe. Niliiacha sentensi hiyo ikining'inia, nanyi mkanidai maelezo. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha, na mengine nimeyafupisha.

Hiyo Bengali ni nchi gani? India au Bangladesh? (Msomaji, Dodoma)

Zote mbili. Ni bonde la chini la mito Ganga na Brahmaputra, pale inapogawanyika kabla ya kuingia baharini, na lugha ya wenyeji ni Kibengali. Mwaka 1947, Waingereza walipoondoka, eneo hilo lilikatwa vipande viwili. Magharibi, penye mji wa Kolkata, pakabaki India. Mashariki, penye Dhaka, pakawa Pakistan ya Mashariki, na mwaka 1971 pakawa Bangladesh. Ninaposema sanaa ya Kibengali ninazungumzia pande zote mbili, na watu wa dini zote walioishi humo: Waislamu, Wahindu, na zamani Wabudha wengi.

"Waliokosa mawe" maana yake nini? (Fundi ujenzi, Mbeya)

Fundi, wewe utanielewa upesi. Sehemu kubwa ya Bengali ni tope. Mito inashuka na udongo kutoka Himalaya, inaumwaga kila msimu wa mvua, tena inahama: mto unaoogea leo, wajukuu wako watauendea mwendo wa nusu siku. Jiwe la kujengea lilikuwa la kuagizwa kutoka mbali. Aliyetaka kujenga nyumba ya ibada alikuwa na matofali ya kuchoma, na aliyetaka kuipamba alichora kwenye kigae kibichi, kisha akakitia tanuruni.

Huko Paharpur, kwenye nyumba kuu ya watawa wa Kibudha iliyojengwa karne ya 8, kuta zimezungushiwa vigae zaidi ya 2,000 vya namna hiyo. Mjini Bishnupur, wafalme wa Malla waliendelea na kazi hiyo karne ya 17. Hekalu la Shyam Rai la mwaka 1643 limefunikwa vigae kuanzia chini hadi juu. Waislamu nao waliushika udongo uleule. Msikiti wa Bagerhat uliojengwa na Khan Jahan karne ya 15 unaitwa wa kuba sitini, ingawa ukihesabu kuba za paa utapata 77. Na hekalu la Kantaji huko Dinajpur, lililokamilika mwaka 1752, lina vigae vinavyoonyesha miungu na, karibu yao, mashua, wawindaji na mabwana wanaovuta buruma. Mfinyanzi alichora alichosimuliwa na alichokiona sokoni, vyote kwenye ukuta mmoja.

Sasa sikiliza hili la paa. Kibanda cha Kibengali hujengwa kwa mianzi, na mwanzi ukiufunga kwenye paa unapinda. Kwa hiyo ukingo wa paa unainama kwenye pembe kama upinde, na mvua inateremka haraka. Walipoanza kujenga kwa matofali hawakulazimika kuupinda ukingo, lakini waliupinda. Wafalme wa Mughal, waliotawala India kabla ya Waingereza, waliuona, wakaupenda: paa hilo liko kwenye ngome ya Agra na ngome ya Lahore, tena kwa marumaru, mbali kabisa na mianzi. Waingereza nao walilichukua neno "bangla", yaani nyumba ya Kibengali, wakalifanya "bungalow". Kila anayejenga nyumba ya chini akaiita hivyo anataja jina la Bengali.

Nimesikia kuna Waislamu wa huko wanaochora miungu ya Kihindu. Inawezekanaje? (Msomaji, Mombasa)

Wapo hadi leo. Wanaitwa patua, na kijiji chao maarufu ni Naya, wilaya ya Medinipur Magharibi, upande wa India. Jina la ukoo wanalotumia ni Chitrakar, yaani mchoraji. Wengi ni Waislamu, wenye misikiti yao na mifungo yao, na wengi wana majina mawili, la Kiislamu na jingine linalopokelewa na Wahindu. Wateja wao karne kwa karne walikuwa wanakijiji Wahindu waliotaka kusikia habari za Rama na Sita, au za Manasa, mungu wa kike wa nyoka.

Kazi yenyewe ni gombo. Karatasi zinaunganishwa moja baada ya nyingine, na mgongoni zinabandikwa kitambaa cha sari kuukuu zisichanike. Patua anaketi, anakunjua picha ya kwanza, anaweka kidole kwenye uso wa mtu anayemtaja, na anaimba. Tukio likiisha, mkono mmoja unakunja na mwingine unakunjua, wimbo haukatiki. Rangi zinatoka jikoni na uani: njano ni manjano ileile ya pilau, kijani ni majani ya fiwi, buluu ni ua la aparajita, nyeusi ni masizi ya taa. Zote zinachanganywa na utomvu wa tunda la bel ili zishike.

Ndugu zao wa mashariki walikuwa na magombo ya Gazi, walii wa Kiislamu anayepanda chui milia. Moja la mwaka 1800 hivi liko British Museum, lina picha 54 na urefu wa zaidi ya mita 13. Na msidhani ni habari za kale tu: patua wa Naya wamechora tsunami ya 2004, wamechora majengo ya New York yaliyoangushwa 2001, wamechora ukimwi na kuuimba vijijini.

Najua swali lililo nyuma ya swali lako. Hukumu ya kuchora waulize mashekhe. Nitakachokuambia mimi ni kwamba watu hawa wamenyoshewa kidole na pande zote mbili kwa muda mrefu sana, na kazi hawakuiacha.

Mwanangu, marehemu mama yangu alikuwa na mtandio wa melimeli, ulipita kwenye pete. Wanasema melimeli asili yake Dhaka. Ni kweli? (Mama wa Lamu)

Shikamoo mama. Jina tayari limeshasema mengi: melimeli ni "malmal", na ndivyo Wahindi na Wabengali wanavyokiita kitambaa hicho. Kilifumwa sehemu nyingi, na baadaye hata kwenye mashine za Uingereza, lakini kilicholipa jina hilo sifa ni kile cha Dhaka.

Pamba yake iliitwa phuti karpas, ikiota kandokando ya mto Meghna. Uzi wake ulikuwa mwembamba hata hewa kavu iliukata, kwa hiyo wasokotaji, wengi wao wasichana, walisokota alfajiri na jioni, unyevu wa mto ukiwa hewani. Vitambaa vilipewa majina ya Kiajemi: kimoja "umande", kingine "maji yatiririkayo". Kampuni ya Waingereza ya East India ilipoitawala Bengali, wafumaji walibanwa kwa mikataba ya bei ya chini, soko la majumba ya kifalme likafa, na uzi wa viwanda vya Uingereza ukaja kumalizia. Utasikia watu wakisimulia kwamba Waingereza waliwakata wafumaji vidole gumba. Kilichoandikwa, na William Bolts, mfanyabiashara wa wakati huo, mwaka 1772, kinaniumiza zaidi: kwamba wasokotaji wa hariri walijikata gumba wenyewe, wasilazimishwe tena kusokota.

Iliyosalia ni jamdani, melimeli yenye maua, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2013. Watu wawili wanakaa kitanda kimoja cha mfumi, na kila ua linaingizwa kwa mkono, uzi kwa uzi, bila mchoro wowote mbele yao. Fundi mkuu anayataja mahesabu, mwanafunzi anayafuata.

Ila mimi, mama, ningekupa kantha. Sari zikichakaa, wanawake wa Bengali huzipanga tabaka kwa tabaka, wakazishona pamoja kwa bandi, mshono ule rahisi kuliko yote, na nyuzi za rangi wanazichomoa kwenye pindo za sari hizohizo. Ninayo moja sebuleni. Kwa mbali ni shuka jeupe lenye yungiyungi katikati na samaki pembeni. Ukiisogeza machoni unaona bandi elfu na elfu zilizofuatana, na nguo yote imejikunja kidogo kama maji yaliyopulizwa na upepo. Pembe moja ilishonwa na mkono mwingine, bandi zake ni ndefu na za pupa. Nadhani ni binti aliyekuwa akijifunza, naye mama yake hakuzifumua.

Mimi nachora mabango ya maduka. Mtu aliniambia sanaa ya kuuza rahisi si sanaa. Huko walionaje? (Mchoraji, Nairobi)

Ndugu yangu, nenda kwa Kalighat. Karne ya 19, patua walihamia Kolkata na kuweka vibanda karibu na hekalu la Kali, mungu wa kike wa Kihindu. Mahujaji walitaka kumbukumbu ya safari kwa senti chache. Gombo la kuimba usiku kucha lisingewafaa. Wachoraji wakachukua karatasi nyembamba ya kiwandani na rangi za maji, wakaacha usuli mtupu, na wakachora haraka kwa mkupuo mmoja wa brashi: bega, mkono, pindo la sari, mstari mmoja usiokatika. Familia nzima ilishiriki, huyu anachora, yule anajaza rangi.

Miungu ilipokuwa imezoeleka wakageukia mji. Walimchora bwana mdogo wa Kolkata aliyepaka nywele mafuta, amevaa viatu vya Kizungu, mkewe akimburuta kwa nywele hizohizo. Walimchora paka mwenye alama ya ucha Mungu usoni na kamba wa kuliwa, yule wa majini, mdomoni, na kila mtu alimjua kuhani anayesemwa. Mwaka 1873 kijana aitwaye Nabin alimuua mkewe Elokeshi, aliyekuwa ameingiliwa na mkuu wa hekalu la Tarakeswar. Kesi ilitikisa Bengali nzima, na vibanda vya Kalighat viliuza picha zake moja baada ya nyingine, kama gazeti kwa wasiojua kusoma.

Kilichoua kazi hiyo ni picha za kuchapwa kwa mashine, nyingine kutoka Ujerumani, zilizokuwa rahisi zaidi. Hadi miaka ya 1930 vibanda vilikuwa vimefungwa. Lakini mchoraji Jamini Roy, aliyesomea uchoraji wa Kizungu na kuumudu, alikuwa ameshaziangalia picha hizo, akaacha rangi za mafuta, akarudi kwenye mstari ule na rangi za udongo na mimea. Naye alitaka picha zake zinunuliwe na watu wa kawaida, hivyo aliziuza bei ya chini. Leo mkusanyo mkubwa kuliko wote wa picha za Kalighat uko jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Mwambie huyo mtu wako.

Mwalimu ametutajia "Shule ya Bengali" na akina Tagore. Walifanya nini hasa? (Mwanafunzi, Zanzibar)

Abanindranath Tagore alizaliwa 1871 Kolkata, akafundishwa kuchora kama Mzungu. Mkuu wa chuo cha sanaa cha serikali, Mwingereza E. B. Havell, alimwonyesha picha ndogondogo za Mughal, na kijana akaona kwamba alichokuwa akikitafuta ng'ambo kilikuwa nyumbani. Kisha mwaka 1903 wakaja wachoraji wawili Wajapani, Yokoyama Taikan na Hishida Shunso, wakamfunza kulowesha picha kwa maji mara kwa mara mpaka rangi ziwe kama ukungu.

Mwaka 1905 Waingereza waliigawa Bengali kwa mara ya kwanza, watu wakachoma kwa hasira nguo za viwanda vya Manchester, Uingereza, barabarani. Mwaka huo Abanindranath alichora mwanamke mwenye vazi la zafarani na mikono minne: kitabu, mashuke ya mpunga, kitambaa cheupe, tasbihi. Kwanza alimwita Mama Bengali. Baadaye akawa Mama India. Wanafunzi wake, na ndio hao wanaoitwa Shule ya Bengali, wakasambaa kufundisha Lahore, Lucknow, Madras, Mysore, ndiyo maana ushawishi wao ulifika mbali hivyo.

Aliyekuwa mkubwa kwao, kwa maoni yangu, ni Nandalal Bose. Alifundisha Santiniketan, chuo alichokianzisha Rabindranath Tagore kijijini, ambako masomo hufanyika chini ya miti. Gandhi alipotembea kwenda kuchota chumvi mwaka 1930, Nandalal alimchonga kwenye kibao cha kuchapia picha akiwa na fimbo, mistari myeupe kwenye weusi, akaiweka India nzima kwenye hatua moja ya mguu. Nakala asili ya katiba ya India imepambwa na yeye na wanafunzi wake.

Na Rabindranath mwenyewe, mshairi wa Nobel ya 1913? Alianza kuchora akiwa na miaka 60 na kitu. Alikuwa akifuta maneno kwenye mashairi yake, na madoa ya kufutia akayaunganisha mpaka yakawa ndege na nyuso. Mwaka 1930 akafanya maonyesho Paris. Ameacha michoro zaidi ya 2,000.

Bibi yangu aliponea njaa ya Ruzagayura hapa Rwanda, 1943. Nimesoma kwamba Bengali ilikufa njaa mwaka huohuo. Mchoraji anafanya nini mbele ya mtu anayekufa njaa? (Msomaji, Kigali)

Swali lako limenikalisha usiku.

Bengali walikufa watu wapatao milioni 3. Japani ilikuwa imeiteka Burma na mchele wake, kimbunga cha Oktoba 1942 kilikuwa kimeivunja Medinipur, serikali ya Kiingereza ilikuwa imenyang'anya boti za wanakijiji zisije zikatekwa na adui, na bei ya mchele ilipanda ikawapita maskini. Wanavijiji walitembea hadi Kolkata wakafia barabarani, mbele ya maduka yenye vyakula.

Zainul Abedin alikuwa hajafika miaka 30. Alichukua karatasi duni na wino mweusi, akakaa barabarani. Angalia mchoro wake mmoja: mama amelala, mtoto anapanda kifuani pake, kunguru amesimama karibu. Hakuna usuli wala kivuli. Brashi imekauka mpaka mstari umekwaruza karatasi, na huo mkwaruzo ndio mbavu. Hakuna alichokipamba.

Chittaprosad yeye alitembea kwa miguu Medinipur, akawachora watu na kuandika majina yao na vijiji vyao, wasife kama kundi. Alichapisha kijitabu, serikali ikazikamata nakala na kuziteketeza. Nakala moja ilifichwa, ikaokoka. Unaponiuliza mchoraji anafanya nini, mimi nauangalia moto huo. Serikali iliyowakosesha watu mchele ilipata muda wa kuchoma michoro yao.

Somnath Hore alikuwa kijana tu njaa ilipokuja. Miaka ya 1970 alitengeneza karatasi nyeupe zenye mikato na mabonde meupe, bila tone la wino, akaziita "Majeraha". Zainul alirudi mashariki, akaanzisha chuo cha sanaa Dhaka mwaka 1948, na wachoraji wa Bangladesh wametoka mikononi mwake.

Ni kweli twiga wa Malindi alipitia Bengali? (Msomaji, Malindi)

Mwaka 1414 sultani wa Bengali alimpelekea mfalme wa China twiga, na wanahistoria wengi wanaona kwamba mnyama huyo alikuwa ametoka kwenu. Wachina walimfananisha na mnyama wao wa baraka, mwandishi Shen Du akamtungia shairi, na picha ikachorwa: twiga mrefu, kando yake mtunzaji mwenye kilemba ameshika kamba. Nakala iko Taipei. Mwaka uliofuata Malindi ikapeleka twiga wake moja kwa moja. Picha yenyewe ni ya Kichina, lakini swali lako ni zuri mno kuliacha.

Kwa nini wanatengeneza sanamu nzuri vile halafu wanazitupa mtoni? (Msomaji, Toronto)

Unazungumzia sanamu za Durga, mungu wa kike, huko Kolkata, na sikukuu yake iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2021. Mafundi wanaishi mtaa wa Kumartuli. Wanafunga mianzi na mabua ya mpunga kwa kamba mpaka upate kiwiliwili, wanakipaka tope lenye makapi, kisha udongo laini wa mtoni, na nyufa zinazibwa kwa vipande vya kitambaa. Uso unatoka kwenye kalibu, vidole vinafinyangwa kimoja kimoja. Mila inataka ndani ya udongo huo uwemo kidogo ulioombwa mlangoni kwa makahaba. Jicho ndilo la mwisho: siku ya Mahalaya, siku chache kabla ya sikukuu, fundi anatulia, anavuta pumzi, analichora.

Siku tano za ibada zikiisha, mungu anarudi kwake, nao udongo unarudi mtoni. Kwa muumini hajatupwa, amesindikizwa. Asubuhi yake vijana wanaingia mto Hooghly hadi kifuani, wanavuta fremu za mianzi zilizobaki uchi na kuzirudisha Kumartuli kufungwa upya.

Riksho za Dhaka zimepambwa kama matatu. Nani aliwafunza? (Msomaji, Kampala)

Walifunzana gereji. Bati la nyuma linapakwa rangi ya mafuta inayong'aa: waigizaji wa filamu, tausi, Taj Mahal, kijiji chenye mto. UNESCO imezitambua mwaka 2023, wakati picha za kuchapwa kwa kompyuta tayari zimewanyang'anya kazi wachoraji wengi.

Hapa Muscat nafanya kazi na Wabangladeshi sita. Tunazungumza kazi tu. Nianzie wapi? (Msomaji, Muscat)

Kaka, anza na nyumbani. Waulize nani kwao anashona nokshi kantha, uone wanavyokimbilia simu kukuonyesha picha. Katikati ya Aprili, mwaka mpya wao, waulize kuhusu alpana, maua meupe ya unga wa mchele uliolowekwa ambayo wanawake huyachora sakafuni kwa vidole. Kila tarehe 21 Februari barabara za Dhaka huchorwa hivyo kwa ajili ya vijana waliouawa mwaka 1952 wakidai Kibengali kitambuliwe. Na maneno mnayo tayari. Kalamu wanaiita kolom, duka ni dokan, na rangi ni rong.